Mfumaji Anayewaona Watoto wa Septemba Mwezi wa Desemba

Ukungu wa asubuhi haujainuka mjini Eldoret, lakini kwenye steji ya magari ya Webuye na Bungoma watu tayari wamejaa kana kwamba wametangaziwa sukari ya bure. Kuna magunia, kuna masanduku ya bati, kuna godoro jipya lililofungwa kwa kamba ya katani. Emmaculate Nekoye ameketi kwenye ngazi ya duka ambalo bado halijafunguliwa. Hana mzigo wala tiketi. Mikononi ana sindano mbili za kufumia na donge la uzi wa samawati. Vidole vinafuma vyenyewe. Macho yako kwa watu.

Mgeni angedhani anamsubiri mtu. Mwingine angedhani ameibiwa nauli. Kiprotich, karani wa tiketi, alishamzoea.

"Huyu mama kila Desemba anakuja hapa, anaangalia tu watu wakienda," anasema akicheka. "Mara ya kwanza nilidhani ni polisi. Sasa sisi tunamuita Mama Sweta."

Nekoye si polisi. Ana miaka thelathini na saba, na kazi yake ni kufuma sweta za watoto wachanga katika mtaa wa Huruma. Hata hapa yuko kazini. Anapanga Septemba.

"Ona yule," ananong'ona, akielekeza kwa kidevu. Ni kijana mwenye saruji iliyoganda kwenye kucha, viatu vipya, na blanketi la rangi ya waridi chini ya kwapa. "Huyo hajaona bibi yake tangu Agosti. Hiyo blanketi si ya mama yake. Hiyo ni sweta moja."

Macho hayana pazia, na ya Nekoye hayana hata kitambaa. Mwanamume anayesafiri na mke na watoto wote hamhesabu, kwa kuwa huyo hana papara. Anayesafiri peke yake akiwa amenyoa juzi, huyo anahesabiwa. Mwanamke wa kazi za nyumbani aliyepewa ruhusa ya wiki mbili, akijitazama kwenye kioo cha gari la watu, naye anahesabiwa. Magari yakiondoka yamejaa siku nyingi mfululizo, Nekoye anajua anunue uzi mwingi. Yakiondoka nusu, anajua mwaka ujao utakuwa mkavu.

"Watu wanasema watoto wanaletwa na Mungu, na ni kweli," anasema. "Lakini Mungu mwenyewe anatumia haya magari."

Siri hii hakufundishwa na mtu. Aliiona kwao, upande wa Bungoma, alikokulia. Baba yake alikuwa kibarua wa kiwanda hapa Eldoret, akirudi nyumbani Krismasi tu, na kidogo wakati wa msiba. Walizaliwa watano. Wanne ni wa Septemba.

"Yule mmoja aliyebaki ni wa Juni," anasema, kisha anacheka mpaka anapoteza hesabu ya mishono. "Huyo ni wa msiba wa babu."

Kwao mama hakuwa na habari ya keki. Septemba ilipofika alichinja jogoo mmoja kwa niaba ya wote wanne, na kila mtoto alipewa kipande na kuambiwa kuwa amekua. Yule wa Juni alilia kila mwaka. Nekoye anasema mpaka leo, akiona jogoo mwekundu, anasikia harufu ya Septemba na kumwona mama yake akipuliza moto.

Si wote mjini wanaokubaliana naye. Musimbi, muuguzi wa zahanati moja ya kujifungulia, ambayo mbele ya lango lake Nekoye hutandika sweta asubuhi, anakubali kuwa Septemba vitanda havitoshi. Lakini anaongeza kwamba hata Aprili wodi yake hujaa kidogo, na yeye sababu anaijua: baridi ya Julai.

"Mvua, baridi, stima imepotea, watu watafanya nini?" anauliza Musimbi.

Nekoye anaposimuliwa haya anatikisa kichwa. "Baridi ya Eldoret ni ya mwaka mzima. Ingekuwa ni baridi, hakuna mtu angebaki bila mtoto."

Ushahidi wake mwingine ni wakulima wa eneo la Ziwa, nje kidogo ya mji. Kule, anasema, mwanamume analima mahindi yake, anakama ng'ombe wake, na kila jioni yuko kwake. Wateja kutoka Ziwa humjia miezi yote, mmoja leo, mwingine mwezi ujao, bila msimu. Vibarua wa Huruma ndio wanaokuja kwa mkupuo, kwa sababu wao hukutana na wake zao kwa mkupuo. Wazee tu ndio hawamo katika hesabu hii: ukipekua vitambulisho vyao, utadhani taifa zima lilizaliwa Januari mosi, maana aliyekuwa hajui siku yake aliandikiwa hiyo. Baba mkwe wa Nekoye ni mmoja wao. Kila Mwaka Mpya huwaambia wajukuu kwamba fataki zinapigwa kwa ajili yake.

Lakini biashara hii ina mwiba wake. Jamii nyingi zinazoishi Huruma haziruhusu nguo ya mtoto kuandaliwa kabla mtoto hajalia. Mama mjamzito hapiti karibu na meza ya Nekoye. Akipita, anageuza uso upande wa pili kama mtu anayedaiwa. Hakuna anayeagiza mapema. Kisha mtoto akishazaliwa, shangazi anakuja mbio na kandambili mguuni, anataka sweta, kofia na soksi sasa hivi, na Eldoret si mji wa kumwacha mtoto mchanga asubiri.

Kwa hiyo Nekoye hulazimika kufuma mwaka mzima kwa ajili ya watoto ambao hakuna anayethubutu kuwataja. Seti moja ni shilingi mia saba. Mwezi wa Februari anaweza kuuza seti tatu kwa wiki, ilhali Septemba anauza hizo tatu kabla chai haijapoa.

"Na wewe huogopi mila, kufuma kabla?" mwandishi anamuuliza.

Anavuta uzi zaidi kutoka kwenye donge. "Hizi hazina mwenyewe. Sweta isiyo na mwenyewe haina ubaya. Ubaya ni kufuma ukijua ni ya nani."

Anasema hivyo, kisha anainamisha kichwa na kufuma mstari mzima. Anajua anachosema. Aliwahi kufuma moja akijua ni ya nani.

Nekoye ameolewa kwa miaka kumi. Mumewe, Wakoli, alikuwa mwashi mjini hapa, mtu mpole mwenye kicheko kikubwa kuliko kifua chake. Kazi zilipopungua alisaini mkataba wa ulinzi huko Ghuba. Aliondoka mwezi wa Mei, na tangu hapo likizo yake huangukia Mei, kila baada ya miaka miwili. Pesa zake za kwanza ndizo zilizonunua mashine ya kufuma iliyo kwenye chumba chao Huruma, juu ya meza aliyoipigilia misumari yeye mwenyewe kabla ya kuondoka.

Likizo ya kwanza iliishia kwenye mazishi ya ndugu yake. Likizo ya pili ndiyo Nekoye anayoisimulia akitabasamu mwanzoni, na mwishoni asitabasamu.

Ilikuwa Mei ya mwaka uliofuata uchaguzi mkuu. Wakoli alifika, akamkuta mkewe amechanganyikiwa. Mei si mwezi wa watoto, na Nekoye alikuwa amebaki na seti chache sana. Lakini shangazi walikuwa wanakuja mlangoni asubuhi na jioni, na hakuwa na cha kuwapa. Usiku alifuma mpaka vidole vikavimba. Hakuelewa watoto hawa wametoka wapi.

"Wakoli alikaa kwa kitanda akahesabu kwa vidole, akarudi nyuma miezi tisa," anakumbuka. "Akaniambia, 'Nekoye, Agosti hawa watu si walienda nyumbani kupiga kura?' Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta."

Ni kweli. Watu wengi wa Huruma wamejiandikisha kupiga kura kwao mashambani. Agosti ile walifunga vyumba na kwenda, na wengine, kwa kukumbuka machungu ya chaguzi za zamani, hawakuharakisha kurudi. Nekoye, ambaye huangalia steji Desemba tu, hakuwa amewaona wakiondoka. Mpaka leo watoto hao anawaita watoto wa kura, na uchaguzi ujao amejiapiza kukaa steji mwezi mzima wa Agosti.

Mwezi ule wote Wakoli alimshikia uzi jioni, mikono miwili mbele kama mfungwa, naye Nekoye akiukunja madonge. Anasema hakuna siku alizowahi kuzipenda kama zile. Alipoondoka tena, Nekoye alikuwa mjamzito.

Alijua angejifungua Februari, mwezi usio na wateja. Alifurahi. Alisema mtoto huyu hatagombania jogoo na mtu. Na kwa furaha hiyo, mfumaji aliyekuwa amefuma sweta za watoto wa mtaa mzima alifanya kosa ambalo nyanya yake angempigia kelele: alinunua uzi wa njano, wa gharama, akafunga mlango, akafuma sweta moja ndogo yenye vifungo vitatu. Hakuionyesha mtu. Usiku aliitandika juu ya mto wa Wakoli.

Septemba, wakati watoto wa Krismasi wanazaliwa kwa wingi na meza yake imezungukwa na shangazi, mimba ilitoka. Ilikuwa na miezi minne.

"Nilikuwa nauza hivi, nikasikia tumbo," anasema. "Nilimwambia yule mteja angoje. Nilifikiri nitarudi."

Musimbi ndiye aliyemshika mkono siku hiyo. Alimwambia, na amerudia mara nyingi tangu wakati ule, kwamba sweta haitoi mimba, kwamba mambo haya hutokea kwa wanawake wengi wasiowahi kugusa uzi. Nekoye anamwamini. Lakini kuamini kwa kichwa ni jambo moja, na moyo nao una masikio yake. Alipotoka zahanati aliketi kitandani akaifumua ile sweta, mshono baada ya mshono, mpaka ikawa uzi mtupu wenye mikunjo. Uzi uliofumuliwa haunyooki upesi. Ule uzi alimpa jirani afungie miche ya nyanya, na tangu siku hiyo hakuna rangi ya njano katika meza ya Nekoye. Wateja wakiuliza, husema imekwisha dukani.

Tangu hapo hajaenda nyumbani Krismasi. Kwa wakwe zake kuna maswali ambayo huulizwa kwa sauti ya chini wakati wa kumenya ndizi. Wapo wanaosema mashine imekula tumbo lake. Wapo wanaomshauri Wakoli kwa simu atafute mwingine. Asiyekuwapo na lake halipo, wahenga walisema, na Wakoli hayupo kumtetea mkewe.

"Wananiuliza mtoto ako wapi, na bwana mwenyewe ako mbali hivyo," Nekoye anasema, na sauti yake kwa mara ya kwanza inapanda. "Pesa inatumwa kwa simu. Salamu zinatumwa. Hata picha ya chakula amekula anatuma. Mtoto hatumwi."

Ndiyo maana Desemba, watu wakisafiri, yeye hukaa kwenye ngazi ya duka. Ni kazi, ndiyo. Lakini mtu akimtazama vizuri ataona kwamba macho yake hukaa muda mrefu zaidi kwa yule anayeshuka kuliko yule anayepanda. Basi la usiku kutoka Nairobi linapoingia, sindano husimama. Abiria wanashuka, wananyoosha migongo, wanatafuta mizigo yao. Wa mwisho akishuka, sindano huendelea.

Mwaka huu kuna sababu. Mei iliyopita Wakoli alinyimwa likizo yake kwa kuwa walinzi walikuwa wachache. Aliyemwokoa ni Obiero, mwenzake wa chumba kutoka kwa wavuvi wa ziwani, ambaye likizo yake ilikuwa Desemba. Obiero ana watoto watano. Alimpigia mkewe simu kumwambia hatakuja Krismasi, nafasi amempa rafiki. Mke hakulalamika sana. Alisema hata yeye angependa kupumzika.

"Huyo Obiero sijawahi kumuona," anasema Nekoye, "lakini kila siku namuombea. Kitinda mimba wake nimemfumia sweta ya shule bure. Kuzaliwa ni Septemba, sikuuliza mara mbili."

Msimamizi amekubali kwa mdomo. Atasafiri tarehe ishirini na moja, Mungu akipenda. Lakini Nekoye amewahi kuahidiwa. Hata ile ya Mei msimamizi alikuwa ameikubali kwa mdomo, wiki ya mwisho akabadilisha. Nekoye alikuwa tayari ameosha mapazia. Daktari naye amemwambia, kwa upole, kwamba tumbo halina neno lolote baya, ila miaka nayo inatembea na hairudi nyuma.

Jua sasa limetoka. Simu yake inalia, anaiweka sikioni haraka. Ni Wakoli, yuko kwenye mapumziko ya zamu.

"Uko steji?" sauti inauliza, mbali, na upepo nyuma yake.

"Niko. Wamejaa. Septemba itakuwa kubwa."

"Wangapi wamenyoa?"

"Wote." Anacheka. "Wewe je?"

"Nitanyoa ishirini." Kisha anaongeza, "Msimamizi bado hajasema kitu kipya. Nekoye, usioshe mapazia."

"Siwezi kuosha."

Anazima simu. Mapazia, anakiri, aliyaosha jana.

Kabla ya adhuhuri anaondoka steji kuelekea duka la uzi karibu na soko. Mwenye duka ni Kabura, mama wa makamo mwenye miwani shingoni, ambaye amemuuzia Nekoye uzi tangu mashine ilipokuwa mpya. Anajua kanuni ya mteja wake, maana aliisikia ikizaliwa. Mwaka wa korona Nekoye alinunua uzi mwingi kwa mazoea, bila kwenda steji, na watu hawakuwa wamesafiri. Septemba iliyofuata alikaa na rundo la sweta mpaka nondo wakazijua kwa majina. Tangu hapo hubisha hodi kwa Kabura na maneno yaleyale: hanunui uzi kwa matumaini, ananunua kwa macho.

"Habari ya steji?" Kabura anauliza, akivaa miwani.

"Wamejaa, Mama. Kuliko mwaka jana."

Wanahesabu pamoja. Nyeupe nyingi, kwa kuwa inamfaa mtoto yeyote. Samawati. Kijani hafifu, inayopendwa na watu wa Cheptiret. Kabura anapanga madonge ndani ya gunia, anabonyeza kwa goti yaingie. Nekoye anatoa pesa, anahesabu, anampa. Kazi imekwisha. Ila haondoki.

Anasimama mbele ya rafu ya juu, upande wa kushoto, ambako hajatazama kwa miaka zaidi ya miwili.

"Nipatie na ile ya njano," anasema. "Moja tu."

Kabura anapanda kiti, anaishusha, anaipangusa vumbi kwa kanga. Ni mtu mzima, anajua siku ambayo Nekoye aliacha kununua rangi hii na anajua kwa nini.

"Mila haitakusumbua?"

"Sifumi, Mama. Naweka tu. Uzi si nguo."

Kabura anakubali kwa kichwa. Anataka kuliingiza donge lile ndani ya gunia pamoja na mengine, Nekoye anamzuia mkono, analichukua, analitia ndani ya mfuko wa sweta yake mwenyewe.

"Na hii," Kabura anauliza taratibu, "hii nayo umeiona kwa macho?"

Nekoye anajitwika gunia. Mlangoni anageuka, mkono mmoja ukiwa bado mfukoni.

"Hii bado sijaiona," anasema.